Chandarua cha Mabini

Mabini, Batangas, 11 Februari 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mkono wako nauweka kwenye paji la uso wangu, japo ni kwa mawazo tu. Mgongo unaendeleaje na hiyo baridi ya Bologna? Sisi hatujambo, ila mama mdogo Pacita presha inampanda kila akinigombeza.

Nina kazi mpya. Nashona chandarua cha kufunika uwanja mzima wa mpira wa kikapu, kwa nguo walizoacha waliokwenda Italia. Unajua desturi yetu: mama akisafiri humwachia mtoto gauni alilovaa, halifuliwi, mtoto alale akilinusa asimlilie. Kumbe majirani wengi wanazo bado. Mang Isko kaniletea blauzi ya mkewe, na tangu aniletee anapita kila jioni kuiangalia. Wengine wananitania kwamba nimesomea sanaa Manila ili nije kuwa dobi asiyefua.

Gauni lako pia ninalo, lile la njano. Nililifunga kwenye mfuko wa plastiki na kulitunza. Nakuomba ruhusa nilishone pale katikati, mahali ambapo mtu angelaza kichwa. Tutakitundika siku ya sikukuu ya mtaa, mwezi wa nne, na watu wa Manila watakuja kukitazama. Bila la kwako kazi hii naona si yangu.

Mwanao, Liezel


Bologna, 3 Machi 2019

Mwanangu Liezel,

Marahaba. Mgongo upo, haunidai kitu. Bibi ninayemtunza naye hajambo, siku hizi ananiita kwa jina la binti yake nami naitika.

Gauni hapana. Nilikuachia wewe ulale, sikuwaachia watu wa Manila waje kutazama jasho langu. Hivi huoni aibu? Nilidhani lilishafuliwa zamani likawa tambara la jikoni. Shona za wengine, langu liache.

Na usiniulize tena ninakuja lini. Vibali bado. Nikitoka hapa sitaruhusiwa kurudi, na bibi hana mwingine. Msalimie Pacita, ale dawa.

Mama yako


Mabini, 2 Mei 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai mnaendelea vizuri, wewe na bibi.

Nilikutii. La kwako sikulishona, lilibaki chini ya mto, ninalala nalo kama zamani. Lakini mama mdogo alisikia kuwa wageni wa Manila wanakuja. Wiki ya sikukuu nilikwenda mjini kununua kamba, na yeye na wenzake wa kwaya wakaingia stoo. Walifumua mishono yangu, wakafua nguo zote, wakatia wanga, wakapiga pasi, kisha wakazishona upya vizuri kuliko mimi. Na lile la chini ya mto wakalifua pia, wasije wakabakiza.

Niliporudi mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Akaniambia, "Ulitaka wageni wanuse vikwapa vya wake za watu? Sasa hata askofu akija, aje."

Nilikaa sakafuni nikalia, naye hakuelewa ninalilia nini. Mang Isko alikuja akainua blauzi ya mkewe, akainusa, akairudisha taratibu, akaenda zake. Hajapita tena. Chandarua tulikitundika hivyohivyo, wageni wakakisifu kwa kung'aa.

Tafadhali usimgombeze. Alifanya kwa mapenzi.

Mwanao, Liezel


Bologna, 9 Juni 2019

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Pacita nimemgombeza kwenye simu, nikamgombeza tena, mwishoni tukalia wote wawili.

Sikujua kama ulikuwa bado unalalia gauni langu. Mtu mzima wewe. Ningejua, nisingekujibu vile.

Ndani ya sanduku hili utakuta nyama za kopo, kahawa, na viatu vya Pacita. Sabuni safari hii sikuweka, zingeharibu harufu. Ule mfuko uliofungwa vifundo ni gauni langu la kazi. Nimepikia, nimemwogeshea bibi, nimelalia. Litundike unapotaka, hata mbele ya askofu.

Mama yako


Mabini, 24 Agosti 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sanduku limefika salama. Mama mdogo anavaa viatu vyake hata akipika jikoni.

Mfuko niliufungua peke yangu, mlango nimeufunga. Nitakwambia kweli maana sijui kukudanganya. Sikukutambua. Lina harufu ya dawa ya kuchulia, na dawa ya kusafishia sakafu nisiyoijua, na mafuta ya nyumba ya watu. Nililinusa mpaka pua ikachoka, nikikutafuta. Ni mama wa mtu mwingine.

Nimelishona katikati. Mang Isko naye amemwandikia mkewe alete la kwake. Umekasirika?

Mwanao, Liezel


Bologna, 15 Septemba 2019

Mwanangu Liezel,

Marahaba. Sijakasirika. Barua yako niliisomea bafuni, bibi ananiita nami siendi.

Huyu bibi hata gizani naweza kumjua kwa harufu. Wewe nilikuacha hujaanza shule, unanukia maziwa ya unga na manukato ya watoto. Mpaka leo nikikuwaza nakuwaza na harufu hiyo. Sasa una mikono ya gundi na rangi, na mimi sikujui. Wewe angalau ulikuwa na gauni. Mimi niliondoka mikono mitupu, hakuna aliyefikiri kwamba mama naye hulala.

Nitumie shati lako la kazi. Usilifue. Na Pacita asiliguse.

Mama yako


Mabini, 6 Oktoba 2019

Mama,

Shikamoo. Shati ndilo hili. Nimelivaa nikikishusha chandarua na kukishona upya, na siku ya joto kali nikalala nalo. Mama mdogo alilishika, akaiangalia pasi, akaniangalia mimi, kisha akalifunga mwenyewe kwenye plastiki, vifundo vitatu.

Lalia. Likiisha harufu usinirudishie kwa sanduku, lilete mwenyewe.

Mwanao, Liezel