Stelingi Iliyokazwa

Jumatatu, 6 Machi

Mrefu amefariki. Yule dereva wa gari la mikate, aliyekuwa anainama akiingia gerejini hata pale pasipo na haja ya kuinama. Amegonga lori lililoegeshwa. Wanasema hakuwa na mwendo. Na barabara ile ya sokoni utakimbiaje, kwa mashimo yote yale?

Mume wangu amekaa juu ya tairi kuukuu nje ya gereji tangu asubuhi, chai hakugusa. Wale wawili walikuwa wakitaniana mpaka mgeni akadhani wanagombana. Mimi nimelia hapa hapa kwenye chereheni. Nimeharibu mshono wa kiti cha gari la watu, ikabidi nifumue.

Jumanne, 7 Machi

Wamelivuta gari la mikate mpaka kwetu. Mwenye kiwanda cha mikate anataka injini itolewe. Nikatoka kuangalia kiti nilichokishona mwaka jana. Ndiyo, mtu kafa, mimi naangalia kiti. Ndivyo nilivyo.

Pua ya gari imebonyea, si sana. Taa moja nzima kabisa! Lakini stelingi, usukani pamoja na bomba lake, imerudi nyuma mpaka karibu na mgongo wa kiti, imenyooka vilevile. Bomba lake halina hata mkunjo. Vile vyuma viwili alivyovichomelea mume wangu vipo pembeni, vimepakwa rangi nyeusi. Kazi safi. Mume wangu hana kazi chafu.

Anajulikana kwa hiyo. Magari ya aina hii yakizeeka stelingi inacheza na kugonga, na madereva hawapendi. Chini ya usukani bomba lina sehemu yenye matundu, kama wavu. Mafundi wa hapa wote wanaiita sehemu mbovu. Kiwanda kilichounda gari kina mkono wa birika, wanasema, kimebania chuma. Basi yeye anapitisha vyuma viwili juu ya ule wavu, anachomelea, haichezi tena. Ndiyo maana wanamwita Kaza. Hata mimi watu wananiita mke wa Kaza.

Jumatano, 8 Machi

Mazishi. Watu wengi, jua kali. Mama yake Mrefu hakulia, alikuwa anarudia neno moja tu. Kichwa kizima, miguu mizima, mikono mizima — kifua. Daktari kamwambia ni kifua tu.

Mjane akanishika mkono. Akasema nimfikishie Kaza shukrani, marehemu alikuwa akimsifu sana, tangu akaziwe stelingi gari lilikuwa linatulia kama jipya. Wenzake madereva nao wakaitikia, kweli kweli.

Nikamwambia nitazifikisha. Sijazifikisha.

Ijumaa, 10 Machi

Nataka niandike hili taratibu.

Muuza vyuma chakavu kaleta gari jingine, aina ile ile ya gari la mikate. Hili lilivaa mti. Mbele hakuna kitu, injini imeingia miguuni. Nikasema moyoni, huyu naye kazikwa wapi? Saa hiyo hiyo akaingia dereva wake. Kwa miguu yake! Mkono kaufunga kitambaa, shavu limevimba, kaja kudai redio yake. Anacheka. Anasema usukani ulimkumbatia kidogo ukamwachia, mkewe hajawahi kumwachia upesi hivyo.

Nikainama nitazame chini ya usukani. Wavu umejikunja wote, umeshuka kama soksi iliyolegea. Bomba la juu limezama ndani ya bomba la chini. Huyu hakukaziwa na mtu.

Nikaenda kwenye gari la mikate. Nikarudi kwenye hili. Nikaenda tena. Mwisho nikakaa chini kwenye mafuta, na gauni langu.

Ile sehemu si mbovu. Imewekwa makusudi ijikunje, imeze pigo kabla halijafika kwenye kifua cha mtu. Sisi tumeizuia isijikunje. Tumempa Mrefu mkuki, na ncha yake tumemwelekezea mwenyewe.

Nimeandika sisi. Viti ni vyangu, vyuma ni vyake. Basi iwe sisi.

Na pikapu yetu! Binti yetu anaiendesha kila siku kupeleka viti kwa wateja. Baba yake aliikaza siku alipopata leseni. Ilikuwa zawadi yake.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemficha binti funguo. Nimemdanganya breki hazishiki. Kanuna, kaenda na mzigo kichwani.

Kisha nikamwambia mume wangu. Nilitafuta maneno laini, sikuyapata.

"Unasema nimemuua rafiki yangu?"

"Nasema njoo uangalie."

"Wewe shona viti. Stelingi niachie mimi."

Akaondoka kwa hasira. Lakini baadaye nikamwona miguu yake inatokeza chini ya lile gari lililovaa mti. Miguu haisogei. Nilishona kiti kizima, na miguu ipo pale pale. Alipotoka uso ulikuwa umeparara. Akasema labda kifua cha Mrefu kilikuwa na ugonjwa wake. Akasema tena, sauti chini, kama anajiuliza mwenyewe: ni magari mangapi? Apite nyumba kwa nyumba agonge milango? Aseme nini?

Nilimwonea huruma. Nilimchukia pia. Vyote viwili kwa pamoja, na sijui kipi kilitangulia.

Jumapili, 12 Machi

Gereji imefungwa lakini grenda ya kukatia vyuma inalia ndani. Kaza peke yake. Kaling'oa bomba zima la pikapu yetu, kaweka jingine kutoka kwa muuza chakavu, wavu wake wazi.

Jioni binti kajaribu gari. "Baba, stelingi inagonga."

"Iache igonge."

Moyo wangu ulifurahi, siwezi kukataa. Kwa muda. Nikamuuliza, na wengine je? Akasema anakwenda kunawa mikono. Alinawa mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Jumatatu, 13 Machi

Amekuja Kipara, dereva wa gari la wanafunzi. Anasema stelingi yake inamtia aibu, inagonga mpaka watoto wanaiimbia. Alimsikia mjane wa Mrefu siku ya mazishi akimsifu Kaza. Anataka akaziwe leo, kabla hajawafuata watoto shule.

Nilidhani mume wangu atakataa. Nilikuwa na hakika! Akalizunguka lile gari, akapiga teke tairi, akasema liingizwe ndani.

Nikamvuta nyuma ya mlango. Hakunitazama usoni. Akasema akimkatalia huyu leo, huyu atauliza mbona Mrefu alikaziwa. Atauliza, na wengine watauliza, na mjane atauliza. Nikamwambia waulize. Akasema mimi ni mwepesi wa kusema kwa sababu jina si langu. Akautoa mkono wangu begani kwake, polepole, akaenda kuchukua miwani ya kuchomelea.

Sasa Kipara yuko mlangoni kwangu. Anachagua rangi ya kuvalisha usukani, hajui achukue nyeusi au kahawia. Mtu mcheshi. Kwenye kioo cha gari lake kuna picha walizochora watoto. Kaza anakata vyuma viwili upande wa pili wa ukuta, nasikia.

Kipara kaniuliza. "Shemeji, hii kazi ya mzee inafaa kweli? Nisije nikajutia. Wewe si mtu wa kutia chumvi, niambie."

Nimemwambia asubiri kidogo, nimalize mshono.

Mshono umekwisha. Nimeshika daftari hili, anadhani naandika vipimo vyake. Upande wa pili grenda imenyamaza. Kaza naye anasikiliza.

Kipara kacheka, kasema mbona vipimo virefu hivyo, anashonewa suti? Sasa amekaa kwenye kiti changu cha wageni. Ananiangalia, anaacha kucheka.

"Shemeji?"