Maji ya Bamvua Mjini Riyadh

Mke wangu wa kwanza, Nyanya,

Wanaosoma hii na hawatujui wasishtuke. Kwetu bibi na mjukuu wake ni mke na mume kwa utani, na wewe ulinioa kabla sijang'oka jino la kwanza. Kila msichana aliyebisha mlangoni kuomba chumvi ulimwambia, "Chumvi chukua. Huyo kijana muache, ana mwenyewe."

Hukujua kusoma. Mimi nami shule niliiacha darasa la saba, kwa kuwa mwalimu alichoka kusahihishwa. Hivyo barua hii ataisoma dada yangu Mwanaidi, kwa sauti, pale barazani ulipokuwa ukikaa na tambuu yako, na anayepita asikilize, sina siri tena. Nilikuwa nayo moja tu, nayo ni hii: miaka miwili nilikudanganya kuhusu bahari. Umekwenda kabla sijakwambia, na nina deni la taarifa moja ya kweli. Nitakulipa hapa hapa, lakini tulia kwanza, wajua mimi siwezi kusema jambo moja kabla sijajisifu mara tatu.

Wakumbuka ulivyonichukua mwambani? Nilikuwa sijafika kiunoni mwako. Wanaume walikwenda na mashua zao, na wewe na wanawake wenzako mkingoja zile siku za bamvua, maji yakitoka mbali mpaka mwamba ubaki mkavu, mkaingia na fimbo zenu kutafuta pweza. Ulinifundisha kuhesabu mwezi kwa vidole. Mwezi ukiandama, bamvua. Ukifika kumi na tano, bamvua tena. Ulinifundisha kutazama shimo lenye maganda mlangoni, kwamba pweza ni kama mwanamume asiye na mke, hafagii. Siku nilipomtoa wa kwanza alinishika mkono mzima na mimi nikalia kijiji kizima kikasikia. Ulicheka mpaka tambuu ikakutoka. "Mwanamume wangu huyu!" ulisema. "Kaposwa na pweza!"

Na ulinifundisha namna ya kuleta habari za bahari. Hiyo sikuisahau, ingawa nilifanya kama nimeisahau. "Mtu huanza na upepo," ulisema, "kisha maji, kisha samaki. Anayeanza na samaki ni muongo."

Nilipopata kazi ya udereva wa nyumbani huku Saudia, hukuniuliza mshahara wala mkataba. Uliuliza, "Huko Jeda kuna bahari?" Nikasema ipo, tena yaitwa Nyekundu. "Basi nenda. Lakini usikae mahali usipoona maji. Samaki akikosa chumvi huoza, na wewe ni samaki mwenye mdomo."

Mwaka wa kwanza nilitimiza. Wallahi nilitimiza. Kila Ijumaa bosi akishaswali na kulala, nilikwenda pwani, na jioni nikakutumia sauti kwa simu ya Mwanaidi. Nilianza na upepo. Wakumbuka taarifa zangu za miezi ile baridi ikiisha, ambayo wao wanaiita rabii? "Nyanya, upepo wa kaskazini, asubuhi mnyonge, adhuhuri unaamka na hasira. Maji yameanza kupata joto, safi, naona vidole vyangu vya miguu. Tafi wanakuja kwa makundi karibu na mawe, nimepata sita kwa unga wa mkate, na changu mmoja, na chewa mwekundu mwenye madoa aliyekata mshipi akaenda na ndoana yangu, lakini nilimuona uso, tutakutana." Wewe ukajibu, "Sita umekula au sita umesema?" Nilikuwa nimepata wanne, Nyanya. Lakini bahari ilikuwa ya kweli.

Mshipi na ndoana nilinunua kwa Ami Seif, mtaa wa Hindawiya, katika kiduka chembamba kama jeneza. Wazee wake walitoka Unguja zamani, yeye kazaliwa hapa hapa Jeda, na Kiswahili chake kimekaa kama nguo ya sandukuni, kimekunjwa vizuri. Siku ya kwanza nilimuuliza maji yanapwa saa ngapi.

"Yanapwa?" alisema. "Wewe mtoto wa Mombasa una mambo. Bahari ya hapa haipwi wala haijai. Inakaa tu kama mchuzi bakulini. Kiangazi inashuka kidogo, baridi inapanda kidogo, bas."

Nilikimbilia simu kukusimulia. Ulistaajabu siku tatu. Bahari isiyotoka! "Maskini wanawake wa huko," ulisema, "pweza watamfuata vipi?" Ukawa unawaeleza majirani, ukawaonea huruma wanawake wa Jeda kuliko ulivyonihurumia mimi.

Kumbe mimi, na akili zangu zote, nikalisahau jambo hilo.

Mwaka wa pili bosi alipata kazi Riyadh, akahama na watu wake, na dereva ni kama kabati, huhamishwa. Nyanya, Riyadh haina bahari. Unaweza kuendesha siku nzima, nami naendesha vizuri kuliko dereva yeyote wa mtaa ule, usione hata dimbwi. Chumba changu kiko kando ya geti, dirisha linatazama ukuta. Mpishi ni Mwindonesia, tunasalimiana kwa nyusi. Watoto nawapeleka shule, madam nampeleka sokoni, nasema "naam" na "tayyib", na jioni nikifungua mdomo kusema Kiswahili sauti inatoka na kutu. Hewa haina harufu ya kitu chochote. Midomo ilinipasuka wiki ya kwanza, nikakumbuka neno lako la samaki na chumvi.

Ningekwambiaje? Uliniruhusu kwa sharti moja, nami nimelivunja, tena si kwa hiari yangu. Na jingine la kweli zaidi: tusipozungumza bahari, tungezungumza nini? Magoti yako na ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku? Basi miaka miwili, kila Ijumaa, nikawa nakwenda Shumaisi, mtaa wa huku Riyadh, kwa Mbengali mmoja anayeuza samaki wa barafu. Namuuliza kwa Kiarabu cha sokoni, rafiki, huyu katoka wapi: "Sadiki, huyu min fein?" Akisema, "Jidda," nashika mkia, natazama macho, narudi chumbani nakuletea taarifa. Mawimbi niliyafanya kwa ndoo na kata, bafuni. Nilikuwa fundi! Polepole, polepole, kisha moja kubwa.

Ulisikiliza, ukauliza, "Mbona bahari yenu ina mwangwi kama birika la msikitini?"

"Ni ukuta wa pwani, Nyanya. Wamejenga ukuta."

"Aa," ulisema. "Wajenzi wazuri."

Kisha ikaja ile siku niliyojiona mjanja kupita wote. Madam ana kalenda ya Kiislamu jikoni, nikaona tarehe kumi na tano, nikahesabu kwa vidole ulivyonifundisha, nikasema leo nitamnogeshea mke wangu. Nikaanza na samaki. "Nyanya, pweza wawili! Leo bamvua, maji yametoka mbali, mwamba wote uko nje mweupe, nimewatoa kwa mkono, na sikulia."

Siku mbili hukujibu. Siku ya tatu ikaja sauti yako, nayo ilikuwa nyororo isivyo kawaida yako. "Pweza wawili! Hongera mume wangu. Uliwaponda vizuri? Haya niambie, mashimo yao yalikuwaje? Usikimbie, niambie yote."

Nami nikakwambia yote. Robo saa nzima. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, natazama ukuta, namuelezea bibi yangu mwamba usiokuwepo, na naapa niliuona.

Ulifariki mwezi wa Rajabu, asubuhi, ukazikwa baada ya alasiri. Hata ningekuwa na mbawa nisingewahi. Siku hiyo niliwachukua watoto shuleni kama kawaida, na yule mdogo akaniuliza kwa nini naendesha polepole.

Ilipofika arobaini ndipo Mwanaidi akanipigia. Tulisema ya hitima, nani kaja, nani kanuna. Kisha akasema, "Kaka, Nyanya alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba huko uliko hakuna bahari. Tangu ule mwangwi alishuku. Uliposema bamvua, alipiga kofi gotini akacheka mpaka akakohoa. 'Bahari ya Jeda imejifunza kupwa!' Halafu akalia kidogo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alituapisha. Alisema, 'Muacheni. Akijua kwamba najua, atanyamaza.'"

Nilikaa garini, Nyanya, mbele ya geti la shule, kengele ikalia na watoto wakaja wakagonga kioo na mimi sikuwasikia. Miaka miwili nilidhani nakupumbaza. Kumbe ni wewe uliyekuwa ukinishika mkono unitembeze mwambani, ukiniuliza shimo moja moja, ili nisikae peke yangu na ule ukuta. Mjanja nani hapo? Nakukubali. Mara moja tu, usizoee.

Baada ya Idi bosi aliamua wapumzike Jeda siku nne. Nikaendesha njia nzima, jangwa tupu, na tulipokaribia nikashusha kioo kidogo. Madam akalalamika vumbi. Haikuwa vumbi, ilikuwa chumvi.

Siku ya tatu bosi akaniambia, "Yalla, nenda, rudi magharibi." Nilikwenda moja kwa moja Hindawiya. Ami Seif alinitazama juu ya miwani.

"Hee! Mtoto wa Mombasa! Nilidhani ushaoa Bedui."

"Nimefiwa na mke, Ami."

"Innalillahi! Umeoa lini wewe?"

"Nilizaliwa nimeoa. Ni nyanyangu."

Hakucheka. Alifungua droo, akatoa ndoana mbili ndogo, akazifunga kwenye karatasi. Sikumwambia za nini, wala hakuuliza. "Msomee Fatiha kwanza," alisema, "ndipo uvue."

Nikasoma, nimesimama juu ya mawe, viatu mkononi. Kushoto kwangu alikuwa Msudani na chai yake, kulia hakuna mtu. Na hii hapa, Nyanya, kwa mpango uliouweka wewe.

Upepo: wa kaskazini, mnyonge mpaka adhuhuri, kisha ukaamka ukanipeperushia kofia, nikaikimbilia mbele ya watu.

Maji: yana joto, safi, naona vidole vyangu vya miguu. Hayakutoka. Hayakuingia. Nilikaa toka adhuhuri mpaka karibu magharibi nikitazama alama ya unyevu kwenye jiwe moja, nayo haikusogea hata unene wa ukucha.

Samaki: mafi. Hakuna. Tafi walikuja kwa makundi, wakala unga wangu wote, wakaondoka bila kuaga. Yule chewa mwenye ndoana yangu sikumuona. Pweza sikumtafuta, hapa hana mwamba wa kutokea.

Mimi: niko peke yangu. Hilo hukuwa ukiliuliza, na sikuwahi kulisema.

Kesho narudi Riyadh. Ijumaa nitakwenda Shumaisi na nitamuuliza yule Mbengali samaki wake wametoka wapi, kwa sababu ya mazoea tu, na jibu nitabaki nalo. Lakini kabla sijaondoka pale kwenye mawe nilichukua simu, nikaiinamisha karibu na maji, nikanyamaza. Mwanaidi atakufungulia ukishamaliza kusomewa. Ni dakika moja. Sikiliza vizuri, mke wangu: hayana mwangwi.

Mjukuu wako, mumeo mdogo,
aliyeposwa na pweza