Shina la Nyuma ya Jiko

Ujerumani, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwidiwe, wewe na wote hapo Busunzu. Goti lako linasemaje na baridi ya asubuhi? Na je, bado unapanda kilima kwenda ibadani kwa miguu, ukiikataa pikipiki ya Elia? Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonishika mwezi uliopita kimekwisha, na nakula vizuri, ingawa ugali ninaoupika huku ungeuonja mara moja tu ukaomba viazi.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Vaa miwani yako, uisome mpaka mwisho.

Elia amenieleza kuhusu mnyauko ulioingia shambani. Anasema bwana shamba alipita akaonyesha mashina matatu ya migomba yaliyougua, ukayakata bila ubishi. Lakini lile la nyuma ya jiko nalo limeshaanza kuwa njano, na hutaki mtu aliguse. "Dada, mzee amegoma kabisa," kaniambia. "Anasema kitovu chako kimezikwa pale, akilikata utapotelea hukohuko." Niliposikia hivyo nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikalia. Nakupenda sana, Baba. Lakini katika hili umekosea, unisamehe kwa kukuambia, na nitakueleza kwa yale ninayoyaona kazini.

Hapa maabara tunatunza seli, zile chembe ndogo mno zinazoujenga mwili, kwenye visahani vyenye maji ya chakula chake. Zile ninazozitunza mimi ni askari wa mwili. Zikikutana na bakteria huwameza. Ila kuna bakteria wajanja, kama wale wa homa ya matumbo iliyokulaza hospitali mimi nikiwa darasa la sita. Wao wakishamezwa hawafi. Hulifanya tumbo la askari kuwa chumba chao, wanazaana humo, na askari wengine wanapita nje bila kuwaona.

Nilipokuwa mgeni kazini niliwatia bakteria hao kwenye sahani, kisha baada ya muda nikachungulia kwa hadubini. Seli zangu zilikuwa zinavimba na kupasuka, moja baada ya nyingine. Nilijua nimeharibu kazi na nitafukuzwa. Nikaenda kwa Mama Heike, anayenisimamia, nimeinamisha kichwa. Akatazama, akacheka. "Hujaharibu kitu, Yustina. Zimejiua zenyewe. Ndivyo zinavyotakiwa kufanya."

Akanieleza kwamba kila seli ina mpango wa kufa tangu inapoanza. Ikigundua kwamba adui yumo ndani yake, hujitoboa yenyewe ikapasuka. Bakteria wanabaki nje hawana pa kujificha, na vitu vinavyomwagika kutoka ndani yake vinawaita askari wengine waje wawamalize. Kisha akanipa sahani ya pili, yenye seli zilizoondolewa uwezo huo wa kujiua. Jioni ile zilipendeza macho, zote nzima, zimetulia. Asubuhi nilikuta zimejaa bakteria mpaka hakuna hata moja iliyo safi.

Mgomba nao una kinga yake, lakini kwa ugonjwa huu imeshindwa. Hauwezi kujitoa wenyewe ili mingine ipone. Inabidi utolewe na wewe.

Na lipo jambo jingine ambalo litakuuma. Kijiji kizima kinajua hakuna anayepogolea migomba kama wewe. Ukiona shamba la jirani limejaa majani makavu, unachukua panga lako na kwenda kumsaidia hata hajakuita. Nimejivunia jambo hilo maisha yangu yote. Sasa Elia anasema kila asubuhi unalipunguzia shina langu majani ya njano ili bwana shamba asilione, halafu unakwenda kupogolea mingine, yetu na ya jirani, kwa panga lilelile. Mficha maradhi kifo humuumbua, Baba. Ule utomvu unaobaki kwenye panga ndio unaobeba ugonjwa. Elia usimgombeze, nimemlazimisha kusema.

Sikuambii ufyeke shamba lote. Hata mwilini kifo hiki kina kiasi chake. Seli zikijiua kupita kiasi, mgonjwa huumizwa na kinga yake mwenyewe. Kata lililougua tu, pamoja na machipukizi yake, usawa wa udongo, wala usiliburute katikati ya mazima. Halafu choma panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Migomba iliyobaki ndiyo chakula cha wajukuu wako.

Sasa kuhusu kitovu. Sikuja kumzika Mama kwa sababu karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa hazijatoka. Siku ile uliniambia kwenye simu, "Mwana wanje, usilie, tumemlaza vizuri." Hukunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Najua ni tangu hapo ulipoanza kuogopa kwamba sitarudi. Mimi pia nimeogopa. Lakini watu wa huku wakiniuliza kwetu ni wapi, picha inayonijia si ya mgomba. Ni wewe, umekaa kwenye kigoda mlangoni unanoa panga. Nimeomba likizo na wamekubali. Nitafika wakati wa kuvuna maharage.

Nisalimie mke wa Elia na watoto, shangazi wa Kasanda, mzee wa kanisa anayekuazima gazeti, na jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Huyo jirani umwambie ukweli kuhusu panga, achunguze migomba yake mapema.

Mungu akulinde na akupunguzie maumivu ya goti. Elia akuwashie moto, lakini asikushikie panga. Mama alikizika kitovu changu, na wewe siku hiyohiyo ukapanda mgomba juu yake. Nataka ukate mwenyewe, Baba, halafu uningoje.

Mimi mwanao akupendaye,
Yustina