Bima ya Kumsalimia Bibi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Naanza leo, na naahidi kuandika yote yalivyotokea, pamoja na yanayotia aibu. Sista Eunice, mwalimu wetu pale Nyegina, anasema shajara ya uongo ni kupoteza wino.

Shangazi Nyamburi amefika! Ni dada yake Baba, anaishi Finland. Mara ya mwisho alipokuja nilikuwa darasa la pili. Tumemleta moja kwa moja Butiama kwa Bibi. Bibi alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anachagua papai sokoni.

"Umekonda. Huko watu hawalagi?"

Tukiwa tunakula, Shangazi akaeleza kwamba amekata bima ya afya. Ni ile ya watu wanaoishi nje wanaporudi kwao kwa muda mfupi. Akiumwa akiwa huku, bima inamtibu. Bibi akaweka tonge chini.

"Umekata bima ya kuja kunisalimia? Kwani mimi ni ugonjwa?"

Baba Mdogo Mugeta alicheka mpaka ugali ukampalia. Shangazi akasema, "Mama, ni kawaida tu." Bibi akasema ni kawaida ya wageni.

Anakaa wiki mbili tu. Natamani akae mpaka shule zifunguliwe, aje siku ya mdahalo anisikie. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 15 Juni 2025

Siku gani hii!

Katika ukoo wetu, mtoto aliyekaa mbali sana akirudi hupewa mbuzi. Lazima aishike kamba mwenyewe mbele ya ndugu. Akiiachia, ni kama amewakataa. Baba Mdogo alimleta mbuzi kutoka Bunda. Beberu mweusi, macho ya njano. Akaapa kwamba ni mpole kama katekista.

Si mpole!

Wanawake walipopiga vigelegele tu, beberu akatoka mbio. Na Shangazi nyuma yake. Watu wote: "Achia! Achia!" Bibi peke yake: "Shika!" Shangazi akashika. Wakapita banda la kuku, wakapita kwenye mihogo, viatu vya Finland vikabaki njiani kimoja kimoja — mpaka kwenye jiwe kubwa. Beberu akaliruka. Shangazi hakuliruka.

Mguu ulilia, niliusikia. Kamba bado ilikuwa mkononi. Bibi akafuta machozi kwa kanga. "Huyu ni wangu kweli," akasema.

Jirani akatukimbiza hospitali Musoma kwa gari lake la Noah. Shangazi akapelekwa eksirei. Huku mapokezi, kaka mmoja anaitwa Abednego akauliza mgonjwa anaishi wapi. Kabla Baba hajameza mate, Bibi akajibu:

"Butiama! Hajaendaga popote huyu. Hata Mwanza haijui."

Kumbe ameshasikia kwamba watu wa nje wanatozwaga zaidi. Abednego akaandika. Nani angebisha? Shangazi aliingia pekupeku, amefungwa kanga ya Bibi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikafungua mdomo niseme kweli. Baba akakohoa. Nikaufunga.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Daktari amesema mfupa umevunjika vibaya, lazima awekewe chuma, na kazi hiyo inafanyika Mwanza. Wasikawie, la sivyo utaunga upande na atachechemea maisha yake yote. Habari njema: bima italipa na kuleta gari la wagonjwa.

Dada wa bima akapiga simu. Shangazi alikuwa amelewa dawa za maumivu, kwa hiyo nikapewa mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu. Jasho! Akauliza kama mgonjwa alikuwa kwenye michezo ya hatari. Nikasema hapana, alikuwa anapokea zawadi. Akauliza mbuzi alikuwa mali ya nani wakati wa ajali. Swali gumu. Kwetu, ukishaishika kamba, ni wako. Nikamjibu hivyo: amekokotwa na mbuzi wake mwenyewe. Akaomba picha ya mbuzi. Baba Mdogo akamwogesha kwanza, asije akatuaibisha Ulaya.

Jioni akapiga tena. Ripoti ya hospitali inasema mgonjwa ni mkazi wa Butiama. Bima ni ya wanaokuja kutembea tu. Mkazi halipiwi. Mpaka hospitali irekebishe.

Baba hakukohoa safari hii.

Jumanne, 17 Juni 2025

Tulikwenda kwa Abednego na pasipoti na tiketi. Alitupokea vizuri. Akasema, "Pasipoti nimeiona, mzee. Lakini maelezo alitoa mama mzazi. Aje mwenyewe aseme mbele yangu, nibadilishe."

Rahisi! Tukadhani.

Bibi amekataa. Uongo wa kwanza haumsumbui, ila huu anaoombwa ndio hawezi. "Mtoto nimemzaa mimi, kitovu chake kiko pale nyuma ya jiko. Leo nisimame mbele ya watu nimwite mgeni?" Baba akasema ni neno moja tu. Bibi akamwambia mgeni ni yule dada wa kwenye simu, akamwite yeye. Baba Mdogo akajaribu: "Mama, sema kwa Kiingereza. La Kiingereza halihesabiki." Akarushiwa kata ya maji.

Mguu umevimba. Shangazi anasema hauumi. Anasema huku meno yameumana.

Jumatano, 18 Juni 2025

Naandika nikiwa kwenye benchi la mapokezi, mkono mmoja umeshika simu. Bibi amekuja! Amevaa gauni la kanisani. Daktari amesema ni leo, asiendelee kusubiri. Gari liko nje, dereva anangoja ruhusa ya bima. Dada wa bima yuko hewani anangoja Abednego. Abednego anangoja Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Mgonjwa wetu ni mkazi au mgeni?"

Foleni nzima imenyoosha shingo. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mama, sema basi, wenzako tunaumwa meno." Bibi hakumjali. Akageukia kiti cha magurudumu alichokalia Shangazi.

"Nitasema ni mgeni," akamwambia. "Nitasema kwa sauti, wote wasikie. Lakini wewe kwanza useme mbele ya huyu kijana: unarudi lini?"

Shangazi akaanza habari za ratiba ya kazi. Bibi akainua mkono. "Ratiba sijui. Mimi nataka siku."

Dada wa bima ananiuliza kuna nini, mbona kimya. Nikamtafsiria swali la Bibi. Na yeye anataka jibu.

Shangazi ameshika pindo la gauni la Bibi. Amelishika vilevile alivyoishika ile kamba. Vidole vya Abednego viko juu ya kompyuta. Dereva amechungulia mlangoni. Mimi pia nataka kujua, labda kuliko wote.

Shangazi, jibu sasa hivi: unarudi lini?