Arvil, Anayeujua Wimbo Wako Ni Clell

Mwaka umezunguka, Arvil Stidham, tangu Alhamisi ile asubuhi ulipotoa nusu ya mstari wa wimbo wako, na nusu ya pili haikuja. Mimi mkeo na binti yetu Twila tulikuwa kando ya kitanda, tukingoja tuurudie kama ilivyo desturi. Tulingoja sana.

Watu wa bondeni wanakukumbuka kwa kicheko. Mgodi wa makaa ulipofungwa na nusu ya nyumba za hapa kijitoni zikabaki tupu, wewe uliwasha jiko, ukaoka mkate wa mahindi, ukapika sufuria kubwa ya maharage na kuwaita majirani. "Aliyefunga ni kampuni, Bwana hajafunga," ulisema. "Kaeni mle." Nilikupenda kwa hilo, na lilinichosha pia. Si kila siku mtu anataka kufurahishwa.

Kanisani kwetu hakuna kinanda. Kitabu cha nyimbo kina maneno matupu, na sauti zake mtu huzipokea kutoka kinywani mwa mtu. Kiongozi hutoa mstari peke yake, kisha sote tunaurudia polepole, tukiuvuta. Wimbo wako, ule wa mgeni aliyefika kwao, uliupokea kwa babu yako. Makanisa mengine hayanao.

Lakini vumbi la mgodini lilikuwa limeshakuingia kifuani. Nitalisema hapa mbele za watu, maana wewe hukutaka kulisema. Clell Ritchie, msimamizi wako wa zamu, mtu mliyekaa naye benchi moja kanisani, ndiye aliyekuamuru ukitundike kifaa cha kupima vumbi kwenye njia ya hewa safi, mbali na pale ulipokuwa ukikata makaa. Kifaa kikasema mgodi ni safi. Wewe ukawa unatema weusi. Ungekataa, ungefukuzwa kazi, na Twila alikuwa bado mdogo. Clell naye alikuwa na watoto wa kulisha, najua. Lakini vumbi alilijua.

Siku ya kuoshana miguu kanisani, mwaka ule ulipoanza kutembea na mtungi wa oksijeni, ulijifunga taulo kiunoni ukapiga magoti kumwosha Clell huyo huyo. Kanisa zima lililia kwa furaha. Mimi nililia kwa hasira. Ulipomaliza ukashindwa kuinuka, na aliyekuinua ni yeye. Wiki iliyofuata ukamwita nyumbani umfundishe wimbo.

"Umwite hapa, kwenye kibaraza changu? Huyu?" nilikuuliza jikoni.

"Kibaraza chetu, bibie. Hata zile mbao zilizooza ni zangu."

"Usinichekeshe, Arvil. Mfundishe Hobert. Mfundishe Estill. Mfundishe yeyote mwingine!"

"Hobert hamalizi ngazi za kanisa. Estill anakohoa kunishinda mimi. Wanaume wote wa kanisa letu wametoka kwenye shimo lile lile. Wimbo unataka pumzi, Oma, na Clell anayo."

"Anayo kwa sababu alikuwa anasimama kwenye hewa safi, pale pale alipokutuma utundike kile kidude!"

Halafu, mume wangu, ukacheka mpaka ikabidi nikuongezee oksijeni. "Basi hewa ile isiende bure," ukasema.

Nilikununia kwa neno hilo, na mpaka leo nimenuna. Jioni zote zile mliketi nje, wewe ukitoa vipande vya mstari kwa kunong'ona, yeye akivirudia kwa lile sauti lake nene, na mimi ndani nikibamiza masufuria ili mjue nimo. Ulikuwa na raha usoni, Arvil. Niliiona kupitia dirisha. Nilitamani uwe na uchungu pamoja nami, hata kidogo, nisiubebe peke yangu.

Jumapili hii ni ibada ya kukukumbuka, na wimbo wako hauwezi kukosekana. Clell alikuja wiki iliyopita, kofia mkononi, akasimama chini ya ngazi.

"Dada Oma, ukisema nisiuimbe, nitaelewa."

"Ungeanza kuelewa kule mgodini, Clell, Arvil angeuimba mwenyewe."

Twila akanivuta ndani. "Mama, ukimkatalia, wimbo unakufa kama baba. Ndicho unachotaka?"

"Mimi namtaka baba yako."

"Hata mimi namtaka, mama. Ila aliyekuja ni Clell."

Nilikoroga maharage mpaka yakapondeka. Kisha nikatoka kumjibu, nikamkuta bado pale pale, hajaivaa kofia.

Ataongoza. Wageni wasije wakadhani nimesamehe. Sijasamehe, na Mungu anajua, maana nimemwambia kwa maneno ambayo ungekuwapo ungeniziba mdomo. Bado naomba, bado naenda kanisani, lakini ile furaha yako haijanifikia. Labda iko njiani. Ila mstari ukishatolewa hurudiwa, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na siwezi kuuacha ukatike tena kama Alhamisi ile. Clell atautoa mzima. Mimi nitakuwa benchi la mbele, na nitaurudia mzima.

Chakula kitaliwa uwanjani baada ya ibada. Mkate nimeuoka kama ulivyokuwa ukiuoka, umeungua kidogo chini.

Unakumbukwa na mkeo, Oma. Binti yako Twila na mumewe Darrell. Mjukuu wako Lacy, anayeuliza kwa nini babu alicheka sana. Dada yako Zella. Na ndugu wote wa kanisa la kijitoni, wenye kifua na wasio nacho.

Tutakukumbuka, Arvil, kila tuvutapo pumzi.