Jina la Mwisho kwenye Kadi

Mpendwa mjukuu wangu Achieng,

Huku Kondele tu wazima. Shangazi yako amejifungua msichana mwenye vidole virefu kama vyako.

Umeniuliza kwa nini mimi husimamisha kazi redio ikipiga ule wimbo wa benga unaouita wa kizee.

Nilikuwa darasa la saba. Baba alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na mwaka ukapita bila habari zake. Hatukuwa na anwani yake, na mama hakujua kuandika, basi akanunua kadi ya salamu niijaze, tuitume redioni.

"Omba wimbo wa harusi yetu," akasema, "na umsalimie baba yako, Wasonga."

Nikawaongeza majirani, nikayapanga majina yote kwa alfabeti, kama mwalimu alivyotufundisha.

Siku kadi iliposomwa, tulikuwa dukani pamoja na majirani, tumeizunguka redio. Mtangazaji alisoma majina manne, kisha akasema, "Na wengine wote." Jina la baba lilikuwa la mwisho. Nikalia.

"Wewe na masomo yako," mama akasema, akinifuta machozi. "Nyamaza tusikilize."

Baada ya wiki mbili, barua ya baba ilifika. Alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, redio ilipowashwa. Majina yalikuwa yamekwisha, wimbo ndio unaanza. Akawaambia waliokuwepo, "Mke wangu ananiita." Aliandika kwamba angerudi mwisho wa mwezi, na akarudi.

Mpaka leo sijui alijuaje, Achieng.

Ukiusikia wimbo huo huko Nakuru, hata kama majina yamekupita, jua ni mimi.

Nyanya yako,
Atieno