Bomba Liishie Wapi

Jumatatu, 4 Agosti

Maji ya kunawa yameisha kabla ya saa nne. Mama wa leo alikuja na dumu lake. Dada yake alilibeba kichwani, mwenyewe akafuata nyuma, akisimama kila uchungu unapomshika. Ndivyo sisi wauguzi tunavyowaambia kliniki hapa zahanati: njoo na kanga, njoo na maji. Naona aibu kusema, na nasema kila wiki.

Wodi mpya ya wazazi ipo pale pale uani. Sinki nyeupe, koki zinang'aa. Kufuli mlangoni. Wilaya wamesema haifunguliwi mpaka maji yafike. Wana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nyangi alikuja kupimwa. Ni wifi yangu, binti wa mwisho wa baba mkwe. Anajifungua mwezi huu. Aliniuliza kama atazalia wodi mpya. Nikasema tutaona. Jibu la kijinga.

Jumatano, 6 Agosti

Bomba limefika! Limefika kwenye josho la zamani, bondeni huko. Halafu basi. Mafundi wa kampuni wameweka kizibo mwishoni, wamepakia vifaa kwenye roli, wameondoka. Mwenyekiti wa kijiji kawakimbilia na pikipiki. Wakamwambia asome mkataba.

Tumeusoma. Kifungu cha sita. Kampuni inayochenjua dhahabu inachimba kisima, inaweka pampu, inalipia miundombinu yote ya maji "hadi mpaka wa kijiji". Kuanzia mpaka, gharama ni za kijiji. Mpaka ni ule uliochorwa kwenye kiambatisho.

Na kiambatisho tulikichora wenyewe. Ramani ya kampuni ilileta mpaka kwenye mikonge, hapa hapa nyuma ya zahanati. Angetupa mtu jiwe angevunja dirisha langu. Siku ile wazee wakaja juu. Mpaka ni josho! Babu zetu waliogesha ng'ombe pale! Baba mkwe, Mzee Marwa, ndiye aliyesimama mbele. Kampuni wakabishana kidogo, kisha wakakubali haraka sana. Tukapiga vigelegele. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maji, nikaandika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyefungua tena kifungu cha sita kuona mpaka unafanya kazi gani humo.

Tulishinda bonde zima, na bomba la bonde zima likawa letu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Ofisi zimefungwa. Hakuna wa kumpigia.

Nimeshinda kwa wakwe. Baba mkwe alikaa uani akiwasimulia wageni jinsi alivyowabana wale wa kampuni mpaka wakarudisha josho. Wageni wakamsifu. Mimi nilikuwa jikoni, nikisikia kila neno. Nimepika, mama mkwe kampelekea. Kwa mila yetu mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, sembuse kumwambia mbele ya watu kwamba ametuponza. Nimemwamkia shikamoo kwa mbali, nimeinama, nimerudi kwenye moshi. Nilikuwa na hasira mpaka ugali ukaungua.

Jumatatu, 11 Agosti

Msaragambo. Kila kaya ilete mtu mmoja achimbe mtaro kutoka josho. Watu walikuja wengi, kelele tele. Sehemu ya chini ni udongo, wakaimaliza wakiimba. Baadaye jembe likagonga mwamba. Nyimbo zikaisha.

Kisha ugomvi. Kwa nini sisi tumepewa mawe na wale wamepewa udongo? Wa mtaa wa juu wakasema wao wana chemchemi yao, mtaro unawahusu nini? Mwenyekiti akawauliza wake zao wanazalia wapi, kwenye chemchemi? Watu wakacheka, kisha wakaenda nyumbani.

Na hata mtaro ukiisha, mabomba atanunua nani? Pampu ya kupandisha kilima je? Nimeuliza kwenye kamati. Wakahamia ajenda nyingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Amekuja Elisha, afisa mahusiano wa kampuni. Kijana wa Dodoma, mpole, buti zake safi kuliko meza yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akafungua mkataba, akasema mpaka tuuache pale pale. Tuandike nyongeza ya ukurasa mmoja: sehemu ya makabidhiano ya maji ni mlango wa wodi. Mpaka wa ardhi ni jambo moja, mahali gharama zinapotoka kampuni kwenda kijiji ni jambo lingine.

Nilitaka kulia. Rahisi hivyo? Nikamuuliza kwa nini kampuni ikubali. Akasema wakubwa wake wanataka picha ya maji yakitoka, na kizibo hakina sura ya kupigwa picha. Angalau hakunidanganya.

Jumamosi, 16 Agosti

Ritongo, baraza la wazee. Wazee wameketi toka asubuhi, watu wote wamezunguka, Elisha kasimama juani na karatasi yake.

Baba mkwe kakataa. "Leo bomba lao linaingia mpaka ndani kwetu. Kesho watasema na udongo chini yake ni wao. Mmesahau wenzetu kule machimboni?" Wazee wote wakaguna kukubali. Elisha alieleza, alieleza tena, mpaka sauti ikakauka.

Kinachoniuma ni kwamba mzee hasemi upuuzi. Watu wa huku wamewahi kuhamishwa kwa karatasi ambazo hawakuzielewa. Lakini Nyangi ana tumbo hili! Binti yake mwenyewe! Nilikuwa mita chache tu kutoka alipoketi, kalamu mkononi, mdomo umefungwa na heshima. Nimeandika: "Mzee Marwa hakuridhia." Karatasi ilitoboka.

Jumanne, 19 Agosti

Nyangi kajifungua saa saba mchana. Msichana. Wote wazima. Niandike hilo kwanza.

Aliingia asubuhi na madumu mawili. Saa tano yalikuwa yamekwisha, kwa sababu mama mwingine alikuwa na damu nyingi na sikuweza kumnyima. Nikamtuma mhudumu akamwambie mama mkwe. Hakumkuta, akaacha ujumbe nyumbani. Wanawake wote walikuwa mnadani.

Nikasikia kikohozi nje. Kikohozi kile nakijua. Nikachungulia. Baba mkwe, dumu la njano begani, shati limelowa mgongo mzima. Mwanaume wa Kikurya, mzee wa rika lake, kachota maji bondeni na kupita nayo katikati ya kijiji mchana kweupe! Kaliweka chini mbali na mlango, kageuka, kawapa mgongo wanawake. Nyangi akapiga kelele ndani. Niliona mabega ya mzee yakishtuka.

Akaenda, akarudi na lingine. Sijui alikwenda mara ngapi. Nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 21 Agosti

Kikao kifupi. Baba mkwe kasimama kabla hajaitwa. "Andikeni bomba ni lao, likipasuka wazibe wao. Andikeni ardhi ni yetu, juu na chini. Halafu liishie mlangoni kwa wazazi. Hicho kilima mimi nimekipanda."

Hakuna aliyecheka. Watu wote walishasikia habari za dumu.

Elisha kaandika hapo hapo kwa mkono, kapiga simu, kasubiri, kapiga tena. Wamekubali. Mwenyekiti kasaini, wazee wakasaini. Safari hii nimekisoma kila kifungu kwa sauti, na maana yake, na nani analipa nini. Mtu mmoja akalalamika nachelewesha watu. Nikaanza upya kifungu cha kwanza.

Jumapili, 21 Septemba

Wodi imefunguliwa wiki iliyopita. Picha zimepigwa. Kuna mama kaja leo na dumu lake kwa mazoea, nikamwambia aliache tu kwenye baraza. Koki inavuja kidogo. Wataziba wao.

Jioni nimeshuka kuelekea josho. Baba mkwe alikuwa peke yake, anapanda mikonge kwenye mpaka. Bado hawaamini watu wa kampuni, na sidhani kama nitamlaumu tena. Jua lilikuwa kali bado.

Nilikuwa nimebeba jagi la maji kutoka wodini. Nikaliweka chini, mbali kidogo naye. Nikakohoa, nikageuka, nikampa mgongo.

Nilisikia akiyanywa yote.